Nyumba Moja, Kadi Mbili: Je, Ninunue Bima ya Nyongeza?

BARUA

Mwanangu mshauri,

Salaam. Mimi ni mama wa miaka 65, mzaliwa wa Tanga, na tangu mwaka 2003 ninaishi Columbus, Ohio. Nimebeba boksi kama wenzangu wote: kwanza nilifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, kisha nikasoma kozi fupi ya uuguzi msaidizi, na hadi leo ninawahudumia wazee wawili majumbani mwao, siku tatu kwa wiki. Uraia nilikwisha kuupata, na ile miaka 10 ya kukatwa kodi inayotakiwa ili mtu asilipie Sehemu A ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, nimeipita zamani. Mwezi wa Mei mwaka huu wa 2025 nilitimiza miaka 65, na kadi yangu imeandikwa kwamba Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari zote zilianza tarehe 1 Mei. Mpango wa dawa nao nimeshajiunga.

Kinachoninyima usingizi ni pengo linalobaki. Nimeelezwa kwamba Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama iliyokubaliwa, na asilimia 20 ni yangu, iwe bili ni ya dola 100 au ya dola 100,000. Nina sukari na presha, na goti langu la kushoto limeanza kugoma ngazini. Nimepata bei mbili za bima ya nyongeza, hiyo wanayoiita Medigap: Mpango G kwa dola 132 kwa mwezi, na Mpango N kwa dola 101. Tayari ninalipa dola 185 za Sehemu B kila mwezi. Na dola 130 ndizo ninazompelekea kila mwezi dada yangu mkubwa aliyeko Ngamiani, Tanga, mwenye miaka 74 na macho yasiyoona vizuri. Fedha hizo humlipa binti anayemsaidia, hununua mkaa na dawa, na kikibaki kitu ni cha samaki. Nikizihesabu mezani, naona hela ni zile zile, ama ziende kwa kampuni ya bima, ama ziende kwa dada.

Mume wangu ana miaka 71. Alipofika 65, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ni wakala wa bima na ambaye mimi ndiye niliyempokea alipokuja nchi hii, alimwandikisha katika mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, usio na malipo mengine ya mwezi zaidi ya yale ya Sehemu B. Akapata meno, miwani na kadi ya kununulia vyakula, nasi tukashukuru. Kwa miaka mitano hatukuwa na la kulalamika. Februari iliyopita aliteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga. Baada ya upasuaji alipelekwa kwenye nyumba ya mazoezi, na siku ya 16 nikapewa karatasi pale koridoni kwamba baada ya siku mbili kampuni haitalipa tena, kwa kuwa sasa anaweza kutembea kwa kigari cha kushikilia. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, hakuna lifti. Nilitia sahihi nikidhani mambo yamekwisha, na kijana wetu akambeba baba yake mgongoni hadi juu, huku mimi nikifuata nyuma na mfuko wa dawa.

Mwezi wa Aprili mume wangu aliomba bima ya nyongeza kama hii ninayoifikiria mimi. Walimuuliza kuhusu nyonga, moyo na sukari, kisha wakamjibu kwa barua ya aya mbili kwamba hakukubaliwa.

Sasa mpwa wangu amekuja mara tatu na vipeperushi vyake. Ananiambia, "Shangazi, ingia kwenye mpango wa mjomba. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba mlango uko wazi, usipoupenda unatoka." Kumkataa naona ni kumvunjia heshima mbele ya jamaa. Kijana wangu yuko tayari kunilipia nusu ya bima, lakini ana watoto watatu na sitaki kuwa mzigo. Mume wangu alikuwa kimya, ila jioni moja aliponikuta nikihesabu alisema tu, "Kwa hiyo nyumba moja tutakuwa na kadi mbili."

Jambo la mwisho ni kwamba kuanzia mwaka huu natarajia kukaa Tanga miezi minne kila mwaka kukimbia theluji, na moyoni najiambia kwamba nikiugua sana nitapanda ndege nirudi nyumbani. Basi bima ya nini? Nisaidie kufikiri.

Mama wa Columbus


JIBU

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona ndani yake maswali matatu yaliyofungwa kamba moja. Liko swali la bima, ambalo lina sheria na tarehe zake. Liko swali la fedha za dada yako. Na liko la hao wanaume wawili, mumeo na mpwa wako, ambao kila mmoja kwa namna yake anakufanya uone kwamba kuchagua ni kumkosea mtu. Nitaanza na la kwanza, maana ndilo pekee lenye siku ya mwisho.

Alilokuambia mpwa wako kuhusu tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba ni kweli, lakini ni kweli ya mlango mwingine. Katika majuma hayo mtu anaweza kuingia katika mpango wa Advantage, kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine, kurudi kwenye Medicare ya kawaida inayoendeshwa na serikali, au kubadili mpango wa dawa. Kununua Medigap hakumo. Bima ya nyongeza ina kipindi chake cha miezi sita, ambacho huanza mwezi ule mtu mwenye miaka 65 au zaidi anapoanza Sehemu B. Kwako kilianza tarehe 1 Mei na kitafungwa tarehe 31 Oktoba. Ndani ya kipindi hicho kampuni hairuhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari, presha au goti. Kikishapita, katika Ohio na katika majimbo mengi, kampuni ina haki ya kukuhoji kuhusu afya yako na kukufungia mlango. Yapo majimbo machache yenye utaratibu mwingine, kama New York na Connecticut ambako mtu huweza kununua wakati wowote, lakini wewe huishi huko. Barua ya aya mbili aliyoipata mumeo haikuwa bahati mbaya wala chuki ya kampuni. Ni utaratibu wenyewe ukifanya kazi.

Ipo njia ya kurudi kwa mtu aliyejiunga na Advantage mara tu alipopata Medicare akiwa na miaka 65: ndani ya miezi 12 ya kwanza anaweza kujitoa na kununua Medigap bila kuhojiwa afya. Lakini wewe umeshakaa katika Medicare ya kawaida kwa miezi kadhaa, kwa hiyo nakusihi usiitegemee njia hiyo kabla ya kuuliza mahali ninapokutajia hapa chini.

Sasa tuangalie hiki unachouziwa. Tangu mwaka 1992 mipango hii hupewa herufi, na manufaa ya herufi moja ni yale yale katika kampuni zote, isipokuwa katika majimbo ya Massachusetts, Minnesota na Wisconsin yenye mipango yao. Mpango G wa kampuni hii na Mpango G wa kampuni ile hutofautiana bei tu, na namna bei hiyo itakavyopanda. Hapo ndipo pa kuuliza kwa sauti: je, bei inapanda kadiri ninavyozeeka, au imefungwa kwenye umri niliojiunga nao, au ni moja kwa watu wote? Hizo dola 132 ni za leo. Mfumuko wa gharama huweza kuipandisha bei ya aina yoyote kati ya hizo tatu, na mtu wa miaka 80 aliyenunua ile inayopanda kwa umri huweza kujikuta akilipa kiasi ambacho hakukitarajia kabisa.

Mpango G hulipa karibu yote ambayo Medicare inakuachia, isipokuwa kiasi cha mwanzo cha Sehemu B, yaani fedha unazotoa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, ambacho kwa mwaka 2025 ni dola 257. Hulipa kile kiasi cha mwanzo cha hospitali, dola 1,676 kwa mwaka huo wa 2025, ambacho usidhani hutolewa mara moja tu kwa mwaka, maana huweza kurudi kila kipindi kipya cha kulazwa. Mpango N ni nafuu kwa sababu wewe mwenyewe unachangia kidogo: hadi dola 20 unapomwona daktari na hadi dola 50 katika chumba cha dharura usipolazwa, na haukulindi dhidi ya daktari anayetoza zaidi ya kiwango cha Medicare. Ipo pia aina ya Mpango G ambayo hukuacha ubebe mwenyewe dola 2,870 za kwanza kwa mwaka huu wa 2025, kisha ndipo inaanza kulipa, na malipo yake ya mwezi huwa madogo zaidi. Hiyo sikuiona katika hesabu zako, na pengine mpwa wako hakuitaja. Mipango hii yote haina meno, miwani wala vifaa vya kusikia, na haimlipi mtu wa kukuogesha nyumbani. Wewe unayewaogesha wengine unajua kazi hiyo inagharimu kiasi gani.

Kuhusu Advantage nitajitahidi kuwa mwadilifu, kwa sababu barua yako imeandikwa na mtu aliyeumizwa nayo. Mpango huo una kitu ambacho Medicare ya kawaida peke yake haina, nacho ni kikomo: mwaka 2025 hauwezi kukutoza zaidi ya dola 9,350 kwa huduma za ndani ya orodha yake ya madaktari na hospitali, na mingi huweka kikomo cha chini zaidi. Meno ya mumeo yalitengenezwa kweli. Bei yake ni kwamba unafungwa kwenye orodha hiyo, na huduma nyingi kubwa huhitaji kibali kwanza. Kadi ya vyakula ni kitu kizuri, ila sidhani inafaa kuwa sababu ya mtu kuchagua nani atakayeamua siku zake za mazoezi baada ya nyonga kuvunjika.

Nami nisikudanganye kwamba kwenye Medicare ya kawaida mumeo angekaa mle bila maswali. Huko nako sharti mtu awe amelazwa rasmi siku tatu mfululizo, na kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 kuna malipo ya dola 209.50 kwa siku kwa mwaka 2025, ambayo Mpango G na N hulipa. Tofauti ni kwamba anayeamua si kampuni yenye mkataba wa kulipwa kiasi kile kile kwa mwezi, mgonjwa akae au aondoke. Na ile karatasi ya koridoni, mama, sahihi yako ilithibitisha tu kwamba umeipokea. Haikuwa kukubali. Juu yake huandikwa namba ya simu ya kukatia rufaa ya haraka, na mwisho wa kupiga ni saa sita mchana ya siku moja kabla ya malipo kukoma. Ikija nyingine, piga kabla hujamtafuta kijana wa kumbeba baba yake.

Umeniambia kwamba ukiugua sana utapanda ndege. Ruhusu nikuulize: mgonjwa gani unayemwona akilini unaposema hivyo? Mtu aliyepata kiharusi saa tisa za usiku Columbus hapandi ndege, huitiwa gari la wagonjwa na asubuhi yuko katika kitanda ambacho bili yake imeshaanza. Na siku ukiwa Tanga, Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Mpango G na N vyote vina msaada wa dharura safarini: baada ya wewe kutoa dola 250, hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura, lakini ni kwa siku 60 za kwanza za safari tu, na kwa maisha yako yote hauzidi dola 50,000. Wewe unapanga miezi minne. Maana yake nusu ya pili ya kila safari haina kinga hiyo, na kupimwa sukari kwa kawaida pale hospitali ya Bombo ni juu ya mfuko wako tangu siku ya kwanza. Baadhi ya mipango ya Advantage nayo ina dharura za nje, ila mtu akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo kwa kawaida huondolewa. Kwa miezi minne uko salama, ila nimekutajia kwa sababu najua safari za nyumbani zinavyorefuka. Pengine swali la msingi zaidi ni lile ambalo hukuliuliza: ukiwa na miaka 75 unataka kulala wapi? Kama jibu ni Tanga moja kwa moja, Medigap unaweza kuiacha siku yoyote. Lakini ukiiacha Sehemu B kisha ukarudi, kila miezi 12 uliyokosa huongeza asilimia 10 juu ya malipo yake, na ongezeko hilo halifutiki.

Nije kwa dada. Umeziweka dola 130 za Ngamiani na dola 132 za bima kwenye mizani moja kwa sababu zinafanana ukubwa, nami nafahamu kwa nini. Lakini je, ni lazima zitoke mfuko mmoja? Kuna mifuko miwili hujaifungua. Wa kwanza ni wa serikali: kwa watu wenye kipato kidogo upo msaada unaolipia zile dola 185 za Sehemu B, na kwa kipato cha chini zaidi hulipia hata asilimia 20 yenyewe, hali ambayo humfanya mtu asihitaji Medigap kabisa. Kipato na akiba zenu zote mbili zitahesabiwa, nawe bado unafanya kazi, kwa hiyo sikuahidi. Uliza tu kabla hujalipa. Wa pili ni wa kijana wako. Unasema hutaki kuwa mzigo. Mama, wewe umekuwa ukipeleka hela Tanga kila mwezi, na katika barua yote hukumwita dada yako mzigo hata mara moja. Sisemi uzichukue fedha za mwanao, kwani watoto watatu ni watoto watatu. Nasema jiulize kama unamnyima kitu ambacho wewe mwenyewe hukukubali kunyimwa. Na dada naye ni mtu mzima. Je, amewahi kuambiwa kwamba unayafikiria haya? Huenda ana la kusema, hata kama ni kwamba dola 100 zitatosha kwa mwezi ambao binti yule amekwenda kwao.

Kuhusu mpwa wako, sioni sababu ya kumhisi ubaya. Anapata ujira kwa kila anayemwandikisha, kama mawakala wote, wa Advantage na wa Medigap pia, na mtu huweza kuamini kwa moyo mweupe kitu kinachomlisha. Unaweza kumwuliza kwa upole, mbele ya chai, "Mwanangu, baada ya tarehe 31 Oktoba, kampuni ya Medigap ya hapa Ohio inaweza kunikataa au haiwezi?" Akikujibu sawasawa, heshima yake inabaki, na pengine atakuuzia yeye mwenyewe hiyo unayoitaka. Akikwepa, umejua. Hatari iliyopo ni kwamba maneno yatafika kwa jamaa yakiwa yamegeuzwa, na hilo wewe unalijua uzito wake kuliko mimi.

Mumeo ndiye aliyenikaa moyoni. Maneno yake yanaweza kusikika kama lawama, lakini najiuliza kama si hofu ya mtu aliyebebwa mgongoni na mwanawe, akabaki kuona mlango umefungwa nyuma yake na sasa mkewe anapita mbele. Kisheria bima hizi ni za mtu mmoja mmoja. Hakuna ya mke na mume, na wewe ukijinyima yako, yake haifunguki. Lakini jambo la kisheria halimalizi jambo la nyumbani. Ingekuwaje kama kabla ya kuamua lako mngekaa na lake? Mwezi Septemba atapokea waraka wa mabadiliko ya mpango wake kwa mwaka ujao. Usomeni pamoja, mlinganishe na mipango mingine kabla ya tarehe 7 Desemba, hasa kuhusu nyumba za mazoezi zilizo kwenye orodha. Na kama siku moja kampuni yake itaandika kwamba inaondoka eneo lenu, barua hiyo msiitupe, kwa kuwa mpango ukijiondoa, mwanachama hupata haki ya kununua baadhi ya Medigap bila kuhojiwa afya, na haki hiyo hudumu siku 63 tu baada ya bima ya zamani kukoma. Nawe mwulize, kwa wakati wenu: "Siku nikianguka mimi, nani atakupandisha ngazi?"

Mahali pa kuuliza ni OSHIIP, ofisi ya ushauri wa bima kwa wazee iliyo chini ya Idara ya Bima ya Ohio. Washauri wake hawauzi chochote na hawatozi. Piga pia 1-800-MEDICARE, na mtu akipokea sema tu neno "Swahili", watakutafutia mkalimani bila malipo. Uwe na kadi yako mezani, chupa zote za dawa, karatasi za kipato chenu wawili, na hizo bei mbili ulizopewa. Waulize mambo manne: tarehe yako ya mwisho, kama mnafikia kiwango cha msaada wa kipato kidogo, kama ile haki ya miezi 12 ingekuhusu, na ni kampuni zipi Columbus zinazouza G na N na bei zao hupandaje. Ukishanunua bado unazo siku 30 za kuirudisha bima na kurudishiwa fedha, kwa hiyo hata hatua hiyo si kisima usichoweza kutoka.

Uamuzi ni wako, pamoja na huyo anayekusubiri mezani jioni. Ukishazungumza na dada, niandikie alichokujibu, na goti nalo linaendeleaje.

Mshauri wako